Mstari wa juu yake

Mwaka 2019 kanisa lilinituma Ujerumani kutumika mwaka mmoja Herrnhut, mji mdogo ambao sisi Wamoraviani wa Rungwe tunausikia tangu Shule ya Jumapili. Wakimbizi kutoka Moravia waliuanzisha mwaka 1722 kwenye ardhi ya kabaila mmoja Mjerumani, Zinzendorf, na miaka 10 baadaye wamisionari wa kwanza wakatoka pale. Kwetu walifika 1891. Hayo niliyakariri nilipokuwa nasoma kipaimara.

Nilichotaka kujua hakikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Bibi alizoea kusimulia kwamba baba yake, angali kijana, alikanyaga udongo wa matofali ya misheni pamoja na kaka yake, na huyo kaka hakurudi nyumbani. Hadithi ilikuwa inaishia hapo. Kaburi halijulikani, tarehe haijulikani.

Siku ya mapumziko ya kwanza nikaenda kwenye jengo wanakotunza nyaraka za kanisa, nikaomba za Wanyakyusa, kabila letu. Hakuna. Nikaandika jina la ukoo wa Bibi kwa herufi kubwa. Hakuna. Nikapanda hadi makaburini, kwenye kilima cha Hutberg, nikatembea kati ya mawe yaliyolazwa ardhini, yote yakiwa sawa, maana kwa Wamoraviani kaburi la tajiri halilipiti la maskini. Nikamfikiria yule kaka ambaye hata jiwe hana, nikalia.

Wiki iliyofuata mama mtunza nyaraka alinipokea akitabasamu. Akanieleza kwamba wamisionari wale wa zamani hawakuandika Nyakyusa, waliandika Konde. Na Mwa- yetu wao waliiandika Mua-: Mwakaleli kwao ni Muakareri. Nilikuwa nimewatafuta watu wangu kwa jina ambalo makaratasi yale hayakulijua!

Akafungua sanduku. Mwandiko ule wa Kijerumani cha zamani umechongoka kama miiba, na hata vijana wa pale hawausomi. Yeye aliupitia taratibu, kidole kikielea juu ya karatasi bila kuigusa. Kikasimama. Jina la baba yake Bibi, jina la babu yake, kisha neno moja: matofali.

Nililinakili kwa penseli, kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi mle ndani, mkono ukinitetemeka. Jioni nikapiga simu.

“Shikamoo Bibi. Nimemwona baba yako.”

Nikamsomea. Kimya. “Soma tena, mjukuu wangu.” Nikasoma tena. Nilidhani atanishukuru, au ataomba tusali.

“Na mkubwa wake je?”

Sikuwa na jibu. Kwa furaha yangu nilikuwa nimenakili mstari mmoja tu.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikawa mlangoni kabla hawajafungua. Alikuwa mstari wa juu yake. Baba yule yule, kazi ile ile, na pembeni msalaba mdogo wa wino na maneno mawili. Mama akayasoma kwa sauti ya chini: homa, Machi.

“Machi,” Bibi alirudia nilipompigia. “Kumbe ilikuwa masika.” Kisha nikamsikia akimwambia mdogo wangu alete kalamu na ile Biblia kubwa, ambayo kurasa zake za mbele zimeandikwa majina ya waliozaliwa na waliofariki kwetu.