Jioni usiuzuie mkono wako

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Mhubiri 11:6: "Asubuhi panda mbegu zako, wala jioni usiuzuie mkono wako, kwa maana wewe hujui ni zipi zitakazofanikiwa." Kila nikilisoma namkumbuka mwimbaji wa Ireland aitwaye Dana.

Jina lake la kuzaliwa ni Rosemary Brown. Alizaliwa London mwaka 1951, akakulia Derry, Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, katika familia ya Kikatoliki. Machi 1970, akiwa na miaka 18 na bado yuko shule, aliiwakilisha Jamhuri ya Ireland kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya, kule Amsterdam. Aliketi juu ya kigoda akiwa na gauni fupi jeupe, akaimba kwa utulivu, akashinda. Ireland haikuwahi kushinda kabla yake. Na kwao Derry siku zile hakukuwa na utulivu wowote: mtaa wa Bogside ulikuwa umetoka kwenye mapigano makali Agosti iliyotangulia, na askari wa Uingereza walikuwa barabarani.

Mwaka 1976 akapata uvimbe kwenye uzi wa sauti. Akapasuliwa, na ikawa haijulikani kama ataimba tena. Hapa tusipite haraka. Kwa mwimbaji koo ndiyo jembe lake, na yeye alikuwa hajafika hata miaka 26. Wapo kati yetu wanaoijua hali hiyo: kile kitu ambacho watu walikufahamu kwacho kinaondoka, na unabaki hujui wewe ni nani mbele za watu, wala utaanzia wapi kesho.

Sauti ilirudi. Papa Yohane Paulo II alipoitembelea Ireland mwaka 1979, Dana akatoa wimbo uliotokana na kaulimbiu ya Papa huyo, Totus Tuus, maneno ya kujikabidhi kwa Kristo kwa njia ya Mama Maria. Baadaye alihamia Alabama, Marekani, akawa mtangazaji kwenye EWTN, televisheni iliyoanzishwa na mtawa, Mama Angelica. Siku ya Vijana Duniani, mkusanyiko wa vijana Wakatoliki, ilipofanyika Denver, Marekani, mwaka 1993, ni yeye aliyetunga wimbo wake, juu ya sisi kuwa mwili mmoja katika Kristo. Wimbo huo umeingia katika vitabu vya nyimbo vya parokia nyingi za Marekani.

Kisha akaingia kwenye siasa. Mwaka 1997 aligombea urais wa Ireland bila chama, akizunguka kwenye halmashauri za kaunti kuomba zimteue. Aliyeshinda ni Mary McAleese. Dana akawa wa tatu kati ya wagombea watano. Mwaka 1999 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, mwaka 2004 akakipoteza kiti hicho. Aligombea urais tena mwaka 2011, na safari hiyo hakufikisha hata asilimia tatu ya kura.

Mtu anaweza asikubaliane na siasa zake. Mimi kinachonigusa ni kwamba alipanda tena. Tumezoea shuhuda zinazoishia kwenye ushindi: niliugua, nikaombewa, nikapona, nikabarikiwa. Mhubiri haendi huko. Anasema hujui. Mbegu ya 1993 iliota, ikavuka bahari. Ya 2011 haikuota. Zote zilitoka mkono uleule, na sioni popote katika Maandiko kwamba Mungu alimpa mkulima kazi ya kukadiria mavuno kabla hajapanda. Aliyepanda akakosa hajamkosea Mungu. Naomba tuache kuwatazama waumini wa namna hiyo kama watu waliopungukiwa imani.

Katika jumuiya zetu ndogondogo wiki hii, tumwombee yule mwanakwaya ambaye sauti imemwishia na ameacha kuja mazoezini. Tumwombee na ndugu aliyefungua biashara ya pili ikafungwa kama ya kwanza. Na tukitoka kusali, twende tukawabishie hodi.