Nilivyoacha kuifukuza kashe kwenye RAM

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 na diski ya zamani, ile ya kuzunguka, na inatumia Linux. Kwa miezi kadhaa ilinitesa kwa jambo moja: nikinakili faili kubwa kwenda kwenye flashi, yote inaganda. Kishale cha mausi kinarukaruka, brauza inageuka nyeupe, herufi ninayobonyeza inatokea nikiwa nimeshaisahau. Mstari wa kunakili nao ulikuwa mwongo. Unakimbia mpaka mwisho kwa sekunde chache, kisha unaganda hapo hapo. Siku moja nikaamini kazi imekwisha, nikachomoa flashi. Faili ikawa nusu.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa RAM. Kila nikiandika free -h, amri ya kuonyesha matumizi ya RAM, safu ya free inaonyesha MB 200 hivi, nami nikahesabu hiyo ndiyo RAM yote niliyobakiwa nayo. Nikapanga cron, yaani kazi ya kujirudia yenyewe, iwe inaandika 3 ndani ya /proc/sys/vm/drop_caches kila baada ya dakika 10, ili kufukuza kashe, zile nakala za faili ambazo Linux huziweka kwenye RAM. Namba zikapendeza, kompyuta ikazidi kuwa nzito! Nikifungua programu niliyoifunga punde tu, diski inaanza kukwaruza upya, inasoma yale yale iliyokwisha kuyasoma.

Safu ya kuangalia ni available, na kwangu ilikuwa GB 4 na ushee muda wote. Keneli, kiini cha Linux, haipendi RAM ikae bure, huijaza kashe ya faili, na programu ikihitaji nafasi kashe hiyo huachiwa. Nikaifuta ile cron kimyakimya.

Mchawi nilimwona nilipoacha amri hii ikiendelea huku nanakili:

watch -n1 "grep -E 'Dirty|Writeback:' /proc/meminfo"

Dirty ilipanda mpaka karibu MB 700. Hiyo ni data ambayo programu inadhani imeshaandikwa, kumbe bado iko kwenye RAM inasubiri foleni. Flashi yangu huandika MB 6 hivi kwa sekunde, kwa hiyo foleni hiyo ni karibu dakika 2. Kwa kawaida vm.dirty_background_ratio (kiwango ambacho keneli huanza kuandika foleni hiyo kimyakimya) ni 10 na vm.dirty_ratio (kikomo cha foleni) ni 20, yaani asilimia ya RAM inayoweza kupatikana. Kiwango kikikaribia hiyo 20, programu zinazoandika husimamishwa zisubiri, hata brauza iliyotaka tu kuhifadhi kitu kidogo.

Nikaachana na asilimia, nikaweka kikomo kwa baiti kwa kutumia sysctl, amri ya kubadilisha mipangilio ya keneli:

sysctl -w vm.dirty_background_bytes=16777216
sysctl -w vm.dirty_bytes=50331648

Yaani MB 16 na MB 48. Ukifanya hivyo, zile ratio zitasomeka 0, usishtuke. Nikanakili tena: mstari ukatambaa taratibu tangu mwanzo, ila safari hii ulisema kweli, na brauza ikaendelea kufanya kazi. Kuna gharama: kunakili mafaili mengi madogo ndani ya diski yenyewe kumepungua kasi kidogo. Nimeikubali.

Baada ya hapo nikagusa vm.swappiness, yaani jinsi keneli inavyopenda kutumia swapu (nafasi ya diski inayoisaidia RAM), nikaishusha kutoka 60 hadi 10, maana amri ya vmstat 1 ilikuwa inaonyesha safu ya so (data inayotolewa RAM kwenda swapu) ikipanda wakati wa kunakili, programu zangu zinapelekwa swapu ili kuipisha kashe. Sikuithubutu 0, kwa sababu hapo keneli huikwepa swapu mpaka maji yafike shingoni. Nikajaribu pia vm.vfs_cache_pressure, yaani jinsi keneli inavyoharakisha kuachia kashe ya majina na taarifa za faili, 50 badala ya 100. Kusema kweli sikuhisi tofauti yoyote, nikairudisha.

Nilibadilisha kitu kimoja kwa siku, kwa sysctl -w, ambayo hufutika ukiwasha upya. Niliporidhika ndipo nikaandika mistari mitatu ndani ya /etc/sysctl.d/90-kashe.conf. Sasa nikibonyeza kutoa flashi, ruhusa inakuja baada ya sekunde chache.