Kamusi ya misimu ya Kiingereza: kadi za vina vya London

Misimu ya vina ("rhyming slang") imeshaingia kwenye kamusi yetu, tunayoiandika kwa kadi, nayo ndiyo iliyolazimisha kadi hizo zipangwe upya. Chimbuko lake ni mashariki ya London, na tangu miaka ya 1850 ilikuwa imeanza kuorodheshwa vitabuni. Msemaji huchukua kirai chenye kina sawa na neno analolikusudia, halafu mara nyingi hukidondosha kile kipande chenye kina. Hapo ndipo mwanafunzi anapopotea, maana kinachobaki hakifanani kwa lolote na kinachokusudiwa.

Tazama "have a butcher's". Kirai kamili ni "butcher's hook", yaani ndoano ya muuza nyama. "Hook" ina kina na "look". Ukidondosha "hook", anayetafsiri neno kwa neno anaishia buchani, ilhali msemaji alitaka kutupia jicho tu.

Kwa hiyo kila kadi sasa ina mistari mitano: kinachosikika, kirai kamili, neno linalokusudiwa, maana kwa Kiswahili, na alama ya matumizi. Mstari wa pili haurukwi hata kidogo. "Use your loaf" inatoka "loaf of bread", kina chake "head", maana yake tumia akili. "Ruby" ni Ruby Murray, mwimbaji wa Belfast aliyevuma miaka ya 1950. Kina ni "curry", na maana ni mchuzi wa bizari wa mikahawa ya Kihindi. Alama ya matumizi nayo ina kazi: "porkies", uongo, bado imo vinywani mwa watu, "apples and pears", ngazi, inajulikana sana lakini husemwa zaidi kwa mzaha.

Upande wa fedha, "quid" ni pauni, na haichukui wingi: "ten quid". "Pony" ni pauni 25, "monkey" 500, "grand" 1,000. Inavutia kuandika jero na buku, kwa kuwa tarakimu zinalingana kabisa, lakini msomaji wa Dar es Salaam akiona jero anawaza shilingi. Tumebaki na "pauni 500". "Grand" haikuwekewa sarafu, kwani Wamarekani huitumia kwa dola.

Zinazofuata ni kadi za maneno yanayogeuka maana ukivuka Atlantiki. "Pissed" Uingereza ni kulewa. Marekani ni kukasirika. Kila nchi itapewa kadi yake, kwa sababu maana mbili zikikaa kadi moja, msomaji hushika ile ya juu.