Hukumu zangu zilikuwa hazisomeki: jinsi nilivyozirekebisha

Hukumu yangu moja ilirudi kutoka rufani. Sheria niliipatia, ila majaji walisema hawaoni nilifikaje kwenye uamuzi. Iliniuma. Nikaisoma upya kwa sauti, na ukurasa wa tatu pumzi zikaniishia katikati ya sentensi moja ya maneno 94.

Kosa kubwa lilikuwa mpangilio. Nilisimulia ushahidi wa kila shahidi, mwanzo mwisho, kabla msomaji hajajua wanagombania nini. Siku hizi naanza na swali: je, mdaiwa alilipa deni kabla ya siku ya mwisho? Chini yake naweka ushahidi unaogusa swali hilo tu, nani nimemwamini na kwa nini, kifungu cha sheria, kisha jibu. Kurasa 31 zikawa 12.

Halafu lugha. Nilikuwa nimeandika: “Malipo yanayodaiwa kufanyika hayakuweza kuthibitika kuwa yalifanyika.” Sasa hivi ningeandika: “Mdaiwa hakuleta risiti wala shahidi aliyemwona akilipa.” Nukuu ndefu za kesi za zamani nazo nimezipunguza, nyingine, nakiri, niliziweka nionekane msomi.

Kabla ya kusaini, nampa karani wangu rasimu na kumwuliza: nani ameshinda, kwa nini, na aliyeshindwa anatakiwa afanye nini, lini? Juzi alikwama kwenye hilo la mwisho. Nilikuwa nimeandika “alipe haraka iwezekanavyo”. Nikabadilisha: ndani ya siku 30 tangu leo.