Kizimba cha kuchotea maji: nilivyosimamia mpango wa kukabili mamba ufukweni mwa Ziwa Victoria

Mpango niliousimamia ni wa serikali, katika vijiji vya ufukweni mkoani Mwanza, na lengo lake ni moja: watu waendelee kulitumia ziwa na mamba waendelee kuwemo. Kwenye mikutano ya vijiji ombi la kwanza huwa askari waje na bunduki. Nalielewa ombi hilo. Mzazi aliyefiwa hawezi kuambiwa habari za uhifadhi akatulia. Ila risasi peke yake haimalizi tatizo. Mamba akifa huzama, hivyo mara nyingi hujui kama umempata. Aliyejeruhiwa hubaki palepale. Na ukimwondoa dume kubwa, eneo lake hushikwa na mwingine, maana kilichomvuta wa kwanza bado kipo. Kumvuna, yaani kumuua kwa kibali, mamba msumbufu ni kazi ya askari wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na nimekuwa nikiiomba pale tu matukio yanapojirudia sehemu ileile na mashahidi zaidi ya mmoja wanapokubaliana kuhusu ukubwa wa mnyama.

Nilianza na daftari. Kila tukio, hata la mbuzi au la mtu aliyeponea chupuchupu, mtendaji wa kijiji analiandika: tarehe, saa, jina la mahali kama wenyeji wanavyopaita, mtu alikuwa anafanya nini, na maji yalimfika wapi, kifundoni, gotini au kiunoni. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloonyesha pa kuweka uzio. Mamba huvizia pale windo linapokuja saa ileile kila siku na kuinama majini. Anaweza kukaa chini ya maji nusu saa na zaidi, kwa hiyo ile desturi ya kusimama dakika chache ukiangalia kama maji yametulia haikulindi hata kidogo. Gugu maji likishasongamana ufukweni, hata macho yake yakielea juu huyaoni.

Kizimba ni uzio wa chuma unaoingia ziwani, watu wanachota na kuoga wakiwa ndani. Chetu cha kawaida ni mita 10 kufuata ufukwe na mita 8 kuelekea kilindini. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti, barua ilitangulia kwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ukingo wa ziwa.

Kosa kubwa hufanyika siku ya kuchagua mahali. Ziwa hujaa zaidi mwezi Mei na Juni baada ya masika, kisha hupungua kuelekea Septemba na Oktoba. Chukua ufukwe tambarare, unaoshuka mita 1 kwa kila mita 20: maji yakipungua sentimita 40 tu, hurudi nyuma mita 8. Kizimba kizima kinabaki juu ya mchanga mkavu, na kina mama wanachota mbele yake, nje ya uzio. Kwenye ufukwe unaoshuka mita 1 kwa kila mita 8, sentimita 40 hizohizo hurudisha maji mita 3 na kidogo, na ndani bado kuna maji ya kutosha ndoo. Ndiyo maana siku hizi sikubali kupima mteremko kwa macho. Tunavuta kamba yenye pima maji, kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa, kutoka alama ya maji ya Mei, ambayo wazee wa mwaloni (mahali pa kushushia samaki) wanaifahamu, na tunajenga Oktoba wakati fundi anaweza kusimama chini bila kuzama.

Nguzo ni mabomba ya chuma ya inchi 3 yasiyoshika kutu upesi, kila moja mita moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Bomba huuzwa kwa urefu wa mita 6. Tunakata mita 4.5: mita 1 chini ya ardhi, mita 1 ya maji, mita 1.5 juu ya maji kwa sababu mamba huruka kwa kujisukuma na mkia, na mita 1 ya akiba. Akiba hiyo wengi huiona hasara. Lakini kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja, na uzio usio na akiba ungebaki juu ya maji chini ya nusu mita, kimo ambacho mamba anakiruka. Ikiwepo akiba, unaongeza wavu juu tu. Kipande cha mita 1.5 kinachobaki kinakuwa mshikizo wa katikati.

Mwanza ni mawe. Nguzo ikigonga mwamba usilazimishe. Simamisha bomba ndani ya pipa la lita 200 na ulijaze zege. Pipa hilo lina uzito wa kilo 480 hivi na halisogezwi na wimbi.

Wavu uwe wa kuchomelewa, waya wa milimita 4, matundu ya sentimita 5. Wavu wa kuku hautoshi kabisa. Chini ukunje sentimita 50 kuelekea nje, kisha ulaze mawe juu yake, ili mamba anayechimba awe anakanyaga wavu uleule anaotaka kupita chini yake. Upande wa nchi kavu nao ufungwe, mita 3 kutoka majini, kwani usiku mamba hutembea. Mlango tumeufunga waya uliopita kwenye roda, na jiwe la kilo 5 linaning'inia: ukiuachia, unajifunga wenyewe.

Kutu huanza pale maji yanapogusana na hewa, kwa hiyo sehemu hiyo hupakwa rangi ya kuzuia kutu kila mwaka. Wezi wa vyuma chakavu ni tatizo kubwa kuliko kutu. Tulipobadilisha boliti zote kwa kuchomelea, vipande viliacha kupotea.

Uzio haufanyi kazi kama jirani yake kuna chambo. Matumbo ya samaki yakitupwa mwaloni, mamba huja. Tulikubaliana na BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi ufukweni, yafukiwe mbali na maji. Ng'ombe wananywa kwenye mabirika yaliyo mita 200 kutoka kizimbani. Bomba la maji likifika kijijini hupunguza ndoo, halipunguzi nguo, kwa sababu maji ya bomba yanalipiwa. Basi tukamwaga sakafu ya kufulia nchi kavu, mita 15 kutoka ufukweni. Magugu ndani ya kizimba yang'olewe kila wiki, kwani huko pia ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na umeshawakusanya watoto wa kijiji kizima kwenye maji yale.

Madai ya kifuta machozi, yaani fedha za pole ambazo serikali huwapa walioumizwa au kufiwa kwa sababu ya wanyamapori, yameniumiza kichwa kuliko chuma. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo, na fedha si nyingi, lakini familia huisubiri. Faili hukwama kwa mambo madogo: fomu ya polisi ya PF3 haipo kwa majeruhi, picha hazikupigwa, jina la akaunti ya benki halifanani na la kitambulisho. Sasa mtendaji anakagua majina herufi kwa herufi kabla karatasi hazijaondoka kijijini.

Kuna kamati ya watu 7, wanne wakiwa wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaolijua tundu la wavu kabla ya mwanamume yeyote. Jambo la hatari kuliko yote ni mamba aliyeingia usiku akabaki ndani, maana watu huingia bila wasiwasi. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla ya mlango kufunguliwa, mwenye zamu huchukua mti mrefu na kuchokoa chini akiwa nje ya uzio, kona kwa kona, kisha katikati, na kuandika daftarini saa aliyomaliza.