Vihisi kwa wazazi Lubumbashi: anza na kitanda, si sebule

Wengi wetu tulioko Ubelgiji, Ufaransa au Afrika Kusini tumeacha Lubumbashi Papa mwenye Parkinson, au Mama ambaye ugonjwa wa kusahau umeanza kumshika. Simu ya jioni haitoshi. Ukiuliza "Papa umelala vizuri?" atajibu vizuri, hata kama usiku kucha alikuwa akihangaika kushuka kitandani. Vihisi vya nyumbani, yaani vifaa vidogo vinavyogundua mwendo, uzito au mlango kufunguliwa, vinaweza kusema kile ambacho mzee hasemi, lakini maelekezo tunayoyasoma huku yameandikwa kwa nyumba ya mtu anayeishi peke yake, na mtu akiyafuata neno kwa neno katika lupango (uwanja wa nyumba wenye watu wengi) la kwetu, pesa zake zinaliwa bure.

Watafiti wa ORCATECH, kituo kilichoko Oregon, Marekani, walipanga vihisi vya mwendo kwa mstari darini, wakapima kasi ya kutembea ya wazee bila kuwavisha chochote. Kazi nzuri sana. Ila kihisi cha aina hiyo huona joto linalosogea tu. Hakijui ni joto la nani. Katika nyumba ya Katuba au Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, kuna wajukuu, kuna shangazi aliyekuja kutoka Likasi, kuna majirani wanaoingia kusalimia. Ukikiweka sebuleni, grafu utakayoipata Brussels ni ya watoto. Mbabula (jiko la makaa) ikiwashwa karibu na dirisha, kihisi kinashtuka. Na mwezi wa kumi, chumba chenye mabati bila dari kikifika joto la mwili, kinaacha kumwona mtu kabisa.

Kwa hiyo weka kihisi kwenye kitu ambacho mgonjwa peke yake anakitumia: upande wake wa kitanda, sanduku lake la dawa, kiti chake. Cha mwendo kibaki kimoja tu, kwenye njia ya kutoka chumbani kwenda chooni, nacho kisomwe usiku peke yake.

Kitanda ndicho chenye habari nyingi kuliko vyote. Nunua mkeka wa shinikizo, ule mwembamba wenye nyaya mbili, unaofunga mzunguko wa umeme mtu anapoulalia. Unganisha nyaya hizo na kihisi cha mlango chenye sehemu ya kufungia nyaya za nje. Kama hakina, zichomelee kwa risasi kwenye miguu miwili ya swichi yake ya sumaku, kisha weka ile sumaku mbali. Tangu hapo "mlango umefungwa" maana yake Papa yuko kitandani. Mkeka ukae chini ya godoro, usawa wa kiuno, si kichwani, na chini yake weka kipande cha plaiwudi cha milimita 6. Bila hicho unazama katikati ya chaga na kusema kitanda kitupu wakati mtu amelala. Godoro la sponji nene likiuzuia kubanwa, upandishe juu ya godoro, chini ya shuka. Kama wazee wanalala pamoja, chagua mkeka usiovuka nusu ya kitanda.

Mgonjwa wa Parkinson hugeuka kwa shida, na kila jaribio la kugeuka huweza kuonekana kama ametoka na kurudi. Weka sheria ya kupuuza kila kutoka kulikochukua chini ya dakika moja. Halafu acha mfumo ukusanye habari kwa wiki mbili au tatu bila kengele yoyote, kwa sababu kipimo cha Papa ni Papa mwenyewe. Mzee aliyezoea kuamka mara tatu hana tatizo jipya akiamka mara tatu. Akipanda kutoka mara mbili kwa usiku hadi mara tano ndani ya siku chache, mtu aende kumuuliza: je, mkojo unamchoma? Ana homa? Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau hasa, maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuanza kwa kuchanganyikiwa na kutembea usiku, kabla hajalalamika maumivu yoyote. Kengele ya haraka ibaki moja: amekuwa nje ya kitanda zaidi ya dakika 20 kati ya 22:00 na 05:00. Hiyo inaweza kuwa ameanguka.

Kwenye sanduku la dawa, kihisi cha mlango cha kawaida kinatosha. Kinaonyesha kifuniko kimefunguliwa, hakionyeshi kidonge kimemezwa, kwa hiyo usikitumie kumshtaki mtu. Faida yake ni saa. Levodopa inashindana na protini tumboni. Ikimezwa pamoja na maharage au samaki, inaweza kuchelewa au kufanya kazi nusu. Kawaida hushauriwa imezwe kama nusu saa kabla ya chakula. Ukiona sanduku linafunguliwa kila siku wakati wa bugali la mchana, na mchana huohuo Papa anakwama kitini mpaka jioni, una jambo la kumpelekea munganga (daktari). Dozi aibadilishe yeye, si sisi kutoka ughaibuni.

Sasa umeme, maana delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ndiyo inayoua mifumo hii. Chukua vihisi vya Zigbee, aina ya mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani: masafa yake ya 2.4 GHz ni yaleyale Ulaya na Kongo, wakati ya mwenzake Z-Wave hutofautiana kati ya Ulaya na Marekani. Maelekezo ya huku yatakuambia utumie plagi janja ili zipokezane mawimbi. Usifanye hivyo. Umeme ukikatika, plagi zinazimika, na kila kihisi kilichokuwa kinapitia kwazo kinanyamaza, mara nyingine kwa saa nyingi hata umeme ukirudi. Funga vihisi vichache moja kwa moja na kipokezi kikuu, nacho kitundike katikati ya nyumba kwa waya wa USB wa mita moja au mbili, mbali na kompyuta, kwa kuwa bandari za USB 3 huvuruga mawimbi hayo. Ukuta wa tofali za kuchoma ukizuia, weka kipokezanishi kinacholishwa na betri ileile ya mfumo.

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayoendesha mfumo, na ruta ya 4G pamoja hula kama wati 10, yaani wati-saa 240 kwa saa 24. Betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya volti 12.8 na ampea-saa 50 ina wati-saa 640: siku mbili kamili. Betri ya risasi na asidi, kama ya gari, ya ukubwa huo usiishushe chini ya nusu; itakupa kama siku moja. Lisha Pi kwa kibadilishi cha kutoka volti 12 kwenda 5.1, ampea 3, kwa waya mnene mfupi. Usipitie inverta, maana yenyewe inakula umeme; na waya mwembamba unashusha volti mpaka Pi inajizima na kuharibu kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo afadhali diski ya SSD kuliko kadi. Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na ncha chanya. Betri hiyo inunuliwe palepale Lubumbashi: ndegeni, betri ya lithiamu ya akiba huruhusiwa bila kibali cha shirika la ndege hadi wati-saa 100 tu, tena kwenye mzigo wa mkononi. Chaja nayo iwe nyuma ya kilinda-volti chenye kuchelewesha, kwa ajili ya radi za masika na ule mshtuko wa umeme unaporudi.

Kwenye mipangilio chagua saa za Africa/Lubumbashi. Ukiacha za Brussels, majira ya joto hutaona kosa, maana saa ni sawa. Majira ya baridi kila sheria itachelewa saa moja.

Mitandao ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya kuifikia nyumba kutoka nje, basi Pi yenyewe ndiyo ipige hodi: WireGuard (njia ya siri ndani ya intaneti) kwenda kwenye seva yako huku, na ujumbe wa "niko hai" kila dakika 15. Saa nzima ikipita bila ujumbe huo, upate taarifa kwamba nyumba imenyamaza. Mega (bando la intaneti) zikiisha na usijue, utadhani kimya ni amani.

Kengele ya kuanguka isitegemee intaneti hata kidogo. King'ora kilie ndani ya lupango, kwa yaya au kijana anayelala karibu; wewe Liège hutamwinua mtu. Na kabla ya mkeka kuingia chumbani kwa wazazi, Papa na Mama waelezwe na wakubali. Kujua wazazi wanaamka saa ngapi usiku ni jambo la heshima. Watoto wote waone muhtasari wa wiki tu, na mmoja aliyechaguliwa na wazee ndiye aone saa kwa saa.

Siku ya kufunga, fundi asiondoke kabla ya kuchomoa chaja kwa saa sita, kuzima ruta, kumlaza mtu mwepesi kuliko Papa juu ya mkeka, na kumwacha nje ya kitanda dakika 21. Kila mara mtu wa nyumbani ndiye asikilize kama king'ora kimelia.