Siku moja na picha za sendofu, Moshi

Saa mbili asubuhi nafungua studio, mitaa ya Mbuyuni. Wengi hudhani kazi yangu ni kunakili picha kwenye flashi na kuichomeka kwenye luninga. Leo nina picha 64 za binti anayeagwa usiku kwenye sendofu yake, kabla ya kuolewa.

Hadi saa tano nimeshazikata zote ziwe pikseli 1920 kwa 1080, nyuso nimezisogeza mbali na kingo maana luninga nyingine hukata pembeni. Zilizohifadhiwa katika Adobe RGB, mfumo mpana wa rangi wa wapiga picha, nimezigeuza kuwa sRGB, ule wa skrini za kawaida. Zikiachwa vile hutoka zimechujuka. Moja imenichukua saa nzima: marehemu baba yake, koti jeusi, picha ya zamani ya karatasi. Nataka mikunjo ya koti ionekane.

Saa sita anaingia shangazi mtu. Namwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mtoto umemwacha mweusi hivi? Mng'arishe."

Hapa ndipo ninapochoka kuliko kazi yote. Binti ni maji ya kunde iliyokolea, ana wekundu kwa mbali. Ukimwongezea mwanga ovyo, wekundu unakimbia, uso unabaki wa majivu. Namweleza, hataki. Natengeneza anavyotaka, naziweka zote mbili kwenye luninga: kwenye yake lazi ya gauni imepotea, weupe mtupu. Anatazama. Anampigia simu mama mtu. Anaomba ya katikati, halafu nyingine iliyo ng'avu kidogo kuliko hiyo, halafu turudi ya kwanza. Sijala. Ananyamaza kitambo, kisha anasema, "Basi, muache alivyo." Namshukuru kwa moyo wote. Ule uso ni mzuri.

Ukumbini nafika jua limezama. Luninga imebaki kwenye mpangilio wa dukani, ule unaokoleza kila rangi. Nyuso zote nyekundu. Rimoti haionekani. Tunaitafuta hadi wageni wanaanza kuingia, kumbe iko jikoni. Narudisha rangi karibu na kelvini 6500, yaani weupe kama wa mchana, nyuso zinatulia, lakini koti la marehemu bado ni donge jeusi. Kompyuta inatuma mwanga kwa namba, 0 weusi kabisa hadi 255 weupe kabisa, luninga inatarajia 16 hadi 235, kwa hiyo vivuli vyote vya chini vinamezwa. Miguu inaniuma, mikono inatetemeka, nabadilisha kwenye kompyuta.

Mikunjo inatokea. Vifungo pia.

Shangazi yuko nyuma yangu, ameshavaa sare.

"Kaka yangu," anasema. "Usiipitishe kwanza."